Mkanda wa Nne

Jumapili, Rustavi, baridi ya kukausha mate.
Kijiko cha maharage kilikuwa mdomoni mwangu
waliposukuma getini Mercedes nyeusi, ndefu kama ukumbi,
riboni nyeupe zikining'inia kwenye vioo.
Ndani, maua. Ndani, bibi harusi.
Injini, kimya.

Tamazi dereva alishuka akisema:
"Taa ya betri iliwaka, usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia,
sindano ya joto ikapanda. Na kabla ya hayo, mlio,
mlio wa nguruwe aliyekiona kisu."
Akafungua buti: mikanda mipya miwili, bado katika nailoni.
"Funga mmoja, Eteri, twende. Mimi mwenyewe
nimeshafunga mitatu tangu Septemba."

Mitatu tangu Septemba!
Nyumba imezika mara tatu
na hakuna aliyeuliza habari za kisima.

Bwana harusi aliitazama saa yake, kisha akanitazama mimi,
kama kwamba saa ile nimeisimamisha mimi.
"Mkanda ni mkanda," alisema. "Padri anasubiri Mtskheta."
Sikumjibu. Niliinama chini ya boneti
nikaokota mabaki: nyuzi zilizosokotana kwenye feni,
kipande kirefu kama ulimi, bado cha moto.

Watu husema kamba hukatikia pembamba.
Huu haukuwa mwembamba.
Upande wa mifereji ulikuwa mzima, hata unga wa kiwandani ulibaki.
Mgongo ndio uliong'aa,
mweusi wa kung'aa, umeungua,
kama kiatu kilichopigwa rangi na mtu mwenye hasira.

"Nani anaugusa mgongo?" sauti ikauliza.
Ilikuwa ya bibi harusi. Tekle. Ameshuka,
gauni kalikusanya mkononi kama mtu anayevuka tope,
mkono wa pili umeshika tochi yangu.

Swali hilo, wanaume wawili hawakuwa nalo.

Basi tukazungusha puli moja moja kwa vidole,
yeye akimulika, mimi nikisikiliza.
Altaneta: inazunguka, inanong'ona.
Pampu ya usukani: laini kama kisu ndani ya siagi.
Pampu ya maji: haitikisiki, haitoi hata tone.
Ya kiyoyozi: haina neno.
Kikaza mkanda: springi yake hai, inarudisha ngumi.
Ikabaki ile ndogo ya plastiki, nyuma kabisa,
isiyoendesha kitu, isiyotajwa na mtu,
kazi yake kuusindikiza mkanda upite.

Niliisukuma. Haikwenda.
Nikaisukuma tena. Ikatoa mchanga mwekundu
na harufu ya chuma kilichokesha.

"Huyu hapa," nilisema. "Aliacha kuzunguka,
wenzake wakaendelea kumburuta mkanda juu yake."
Tekle hakusema kitu. Alimtazama Vazha wake
aliyekuwa akipiga simu, mgongo ametugeuzia,
akamtazama muda mrefu kuliko nilivyotaka kuona.

Dukani, Jumapili, nani akuuzie puli?
Niliigonga beringi ikatoka, nikasoma namba ubavuni,
nikaenda nyuma ya karakana
ilipolala mashine ya kufulia ya marehemu mama yangu.
Namba ileile.
Mama alifua humo shuka za hospitali miaka kumi na moja;
sasa gurudumu lake liko ndani ya gari la mabwana.

Injini iliwaka. Taa ya betri ikazima.
Hakuna nguruwe, hakuna kisu.
"Itawafikisha na kuwarudisha," nilimwambia Tamazi.
"Jumatatu ulete puli ya kweli. Na hiyo mikanda, kaiuze."

Vazha alilipa bila kuhesabu.
Tekle alinirudishia tochi, ikiwa bado inawaka,
na kwenye pindo la gauni, chini kabisa,
alama ya kidole chenye grisi. Sijui changu au chake.
Aliiona. Hakuifuta.

Maharage yalikuwa yameganda.
Niliyala hivyohivyo, beringi mbovu mezani mbele yangu,
kila mara nikiisukuma kidogo kwa kidole,
nione kama itabadili mawazo.